Kikapu cha Sato kwa Bwana Masalu

Nansio, Ukerewe
12 Februari 1995

Kwako mjukuu wangu Odeta,

Marahaba, maana najua umeniamkia moyoni hata kama hukuandika. Huku hatujambo kidogo. Goti la kushoto linaniuma mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua inakaribia kila siku. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja amekufa. Baba yako mdogo Pius yuko ziwani. Gugu maji limejaa gatini mpaka meli ya Mwanza juzi ilizunguka na kuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, sisi tumesimama na mizigo kichwani.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Karatasi zako zimefika Ijumaa. Zimefika zenyewe, bila barua. Karatasi tatu za taipu, na ya mwisho ina mstari, na juu ya mstari umeandika kwa kalamu nyekundu: Bibi weka dole gumba hapa.

Odeta, mimi nilisoma darasa la watu wazima pale shule ya msingi wakati mama yako hajulikani hata jina nyumbani kwetu. Jina langu naliandika. Hizi barua unazosoma huko Dar es Salaam nani anaziandika, paka?

Nimezisoma karatasi zako siku mbili na miwani ya marehemu babu yako. Zinasema kuna chama cha watu wa ununuzi na ugavi. Chama hicho kimetoa zawadi kubwa kwa chuo chenu, ili chuo kifundishe ununuzi wa umma, na katika zawadi hiyo wewe na wenzako kadhaa mtalipiwa ada na chakula na kitanda mpaka mmalize. Na mlezi aweke saini kwamba anakubali.

Kununua kunasomewa chuo kikuu tangu lini? Mimi nimenunua tangu nina meno ya utoto. Unakishika kitu, unakigeuza, unakinusa, unataja nusu ya bei, unaondoka, unaitwa. Umemaliza shule. Na huyo umma ni nani, ananunua nini, kwa nini asiende sokoni mwenyewe? Na watu wazima wenye akili zao wanaolipia watoto ambao hawakuwazaa, wanataka nini?

Kwenye mstari sijaandika kitu. Nijibu, na safari hii uanze na salamu.

Mimi bibi yako,
Teodora

*

Dar es Salaam
6 Machi 1995

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo Bibi. Nisamehe kwa karatasi zilizokuja bila salamu. Siku ile posta ilikuwa inafungwa na nilikuwa nimetoka darasani mbio. Nisamehe na kwa dole gumba. Ile kalamu nyekundu ni ya ofisi ya chuo, wanaandika hivyo kwenye karatasi za watu wote wa bara. Sikuangalia.

Mimi ni mzima. Joto la hapa ni lile lile. Nakaa chumba kimoja na Bushra, binti wa Tabora, mcheshi kama wewe, anakusalimia. Pole kwa mbuzi. Goti ulichue na mafuta niliyompa baba mdogo Pius mwaka jana, kama hakuyatia kwenye injini.

Bibi, serikali ndiyo umma. Dawa za hospitali ya Nansio, madawati ya shule, mabomba, nondo za daraja, vyote hivyo kuna mtu anavinunua kwa niaba ya wananchi. Zamani yalikuwepo mashirika, kila shirika na bohari yake. Sasa mashirika yanauzwa, biashara imefunguliwa, kila mwenye duka anataka kuiuzia serikali. Kwa hiyo wanatakiwa watu wanaojua kununua bila kudanganywa. Tunafundishwa kuandika mahitaji, kutangaza zabuni, kupokea bahasha zilizofungwa na kuzifungua, kulinganisha na kuchagua. Hiki chama ni cha maofisa wenyewe wanaofanya kazi hiyo. Wameona vijana wachache wanaisomea, wakachanga.

Mwenyekiti wa kamati yao ya elimu anaitwa Bwana Masalu, mtu wa Magu. Ni mtu mzima, mpole.

Bibi, unajua sasa chuo kinataka tuchangie gharama wenyewe. Nimeongea na ofisi. Bila huu ufadhili siwezi kurudi mwaka wa pili, nitapanda treni mwezi wa saba nije nyumbani moja kwa moja. Majina yatapitishwa na kamati, na karatasi ya mlezi inatakiwa iwe hapa kabla ya tarehe 15 Julai. Wewe ndiye mlezi wangu tangu baba na mama walipofariki. Hakuna mwingine wa kuandika pale.

Naomba usaini, Bibi.

Mjukuu wako,
Odeta

*

Nansio
2 Aprili 1995

Mjukuu wangu Odeta,

Marahaba. Mwambie huyo Bushra namsalimu, na kwamba mimi si mcheshi. Pius anasema mafuta ya goti hakuyatia kwenye injini, aliyapaka mnyororo wa baiskeli. Getruda jirani yetu anaendelea na biashara yake ya dagaa, kila mwezi yuko kwenye treni kuja huko kwenu, amenenepa.

Barua yako nimeisoma kwa utulivu mpaka nilipofika katikati, nikaiweka chini, nikaenda nje nikarudi. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba mnafundishwa kupokea bahasha. Zilizofungwa. Na kuzifungua.

Odeta, hapa Nansio hata mtoto wa darasa la pili anajua bahasha ni nini. Muuguzi anataka bahasha. Mtu wa leseni ya mitumbwi anataka bahasha, tena hasemi, anakohoa. Wale wanaozipokea hawakusomea, walizaliwa nazo tumboni. Leo chuo kikuu kimefungua darasa la bahasha, na chama kimetoa zawadi, na mjukuu wangu ameomba nafasi, na anataka niandike jina langu kukubali. Nimekulea kwa kukausha samaki mpaka macho yamekuwa mekundu, ili ukajifunze kukohoa?

Kama bahasha ya chuo ni ya aina nyingine, unieleze ni aina gani. Usinieleze haraka haraka.

Halafu nikukumbushe kitu ambacho ulikuwepo ukakiona. Mwaka juzi alikuja hapa wakala wa kiwanda cha minofu, na viatu vyeupe, akamletea Pius nyavu mpya na injini. Akasema zawadi. Akanywa chai yangu. Pius akacheka wiki nzima. Mwezi uliofuata Pius akapata sangara wengi, akataka kuwauza kwa mtu mwingine mwenye bei ya binadamu. Wakaja vijana wawili wakasimama hapo mlangoni, wakauliza kwa upole: nyavu hizi za nani? Basi tangu siku ile Pius anavua, mizani ni yao, bei ni yao, minofu inapanda ndege, sisi tunakwenda kununua mapanki, mifupa ya samaki tuliowatoa majini wenyewe.

Sasa wewe unaniambia watu wanamlipia mtu ambaye kesho atakaa kwenye kiti anunue dawa na madawati ya nchi nzima. Siku utakayotaka kununua kwa mwenye bei ya binadamu, nani atakuja kusimama mlangoni kwako kuuliza nyavu za nani? Waliochanga ni kina nani hasa? Wanunuzi watupu, au wauzaji wamejipenyeza humo? Hilo hukulisema. Umeruka kama mtu anayeruka tope.

Tena kuna jambo la adabu. Kwetu mtu akikuletea kitu kwenye kikapu, kikapu hakirudi kitupu. Huyo Bwana Masalu kama ni mtu wa Magu anajua. Mimi sitaki mjukuu wangu asimame mbele ya mtu na mikono mitupu. Nitamtumia kikapu changu. Tutaonana baada ya hapo.

Sijasaini.

Mimi bibi yako,
Teodora

*

Dar es Salaam
27 Aprili 1995

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imechelewa, imefika jana. Bushra amecheka ile habari ya kukohoa mpaka amekaa chini, lakini mimi sikucheka. Najua umekasirika.

Bahasha ninayosema mimi ni ya bei. Mathalani hospitali inataka vitanda. Kila mwenye duka anaandika bei yake, anaifunga kwenye bahasha, anaileta. Hakuna anayejua bei ya mwenzake. Siku ikifika zote zinafunguliwa mezani, mbele ya wote walioleta, bei zinasomwa kwa sauti. Ndani hamna noti, mna karatasi tu. Imefungwa ili watu wasiibiane bei, na inafunguliwa hadharani ili hata mimi ninayeifungua nisiwe na la kuficha.

Nakubali jina ni baya.

Bibi, naomba sana usitume kikapu. Usitume kitu chochote kwa Bwana Masalu. Sitaweza kueleza vizuri kwenye barua, lakini usitume.

Hapa mvua kubwa, barabara ya chuo imekuwa mto. Nasoma kwa mtihani wa mwezi wa sita.

Mjukuu wako,
Odeta

*

Nansio
9 Mei 1995

Odeta,

Marahaba. Barua yako na kikapu changu vimepishana. Getruda amepanda meli jana nacho.

Bahasha za kusomwa kwa sauti mbele ya wote nimezielewa, na nimezipenda kidogo. Lakini mtu akiniambia usitume halafu asiseme kwa nini, mimi ndipo ninapotuma. Unamwonea aibu bibi yako anayenuka moshi, au huyo mtu ana jambo?

Humo mna sato sita wa kukausha, nimewafunga kwa majani ya mgomba. Utampelekea mwenyewe, mkono kwa mkono. Afungue mbele yako. Usifungue wewe. Getruda nimemwagiza akwambie hivyo hivyo, barua hii ikichelewa. Halafu uniandikie alifanya nini na alisema nini, neno kwa neno, usinipambie.

Karatasi yako iko kwenye sanduku la nguo. Panya hawajaifikia.

Bibi yako,
Teodora

*

Dar es Salaam
26 Mei 1995

Bibi yangu mpendwa sana,

Shikamoo tena shikamoo. Natumaini goti linaendelea vizuri, na baba mdogo, na yule mbuzi aliyebaki, na majirani wote. Mimi nimejaa afya. Mitihani inakaribia, namwomba Mungu.

Kikapu kilifika salama. Getruda alikishika mapajani safari nzima, hakumwachia mtu. Nilimpelekea Bwana Masalu ofisini kwake siku ya pili yake. Alifungua mbele yangu kama ulivyoagiza. Alifurahi sana, Bibi. Alisema samaki wamekaushwa vizuri, wanawake wa Ukerewe wanajulikana kwa kazi hiyo. Alisema nikushukuru kwa heshima zote. Hakusema neno jingine lolote.

Kikapu anakirudisha na Getruda. Humo mna kitenge na kilo mbili za sukari, ni vyako.

Sasa Bibi, naamini moyo umetulia. Naomba karatasi irudi na Getruda huyo huyo safari ijayo, maana mwezi wa saba si mbali.

Mjukuu wako akupendaye,
Odeta

*

Nansio
10 Juni 1995

Odeta,

Getruda amefika, kitenge kimefika, sukari imefika na sisimizi wake. Pius ana homa, amelala. Mbuzi mzima. Salamu zimeisha.

Sisaini.

Nilikuwa nimeshika kalamu, nataka ujue hivyo. Miezi yote hii nilikuwa natafuta pa kushikia nikuachie uende. Nikasema sitapata jibu kwa maneno, maana watu wa ofisi wana maneno kuliko mimi. Nitampima huyo mtu kwa njia ya nyumbani kwangu.

Katika wale sato sita yule mkubwa hakuwa na kichwa. Nilimkata mwenyewe kwa kisu kabla ya kumweka juu ya moto, nikamlaza katikati, ukifunua majani ndiye unayeanza kumwona. Unajua hapa kichwa ni cha nani. Babu yako aliletewa kichwa mpaka siku anaumwa hawezi kutafuna. Ukimpelekea mtu mzima sato asiye na kichwa, akiwa mtu anayeangalia anachopewa, atauliza. Anaweza kuuliza kwa hasira, anaweza kuuliza kwa mzaha, lakini atauliza. Asiyeuliza ni mmoja kati ya wawili. Hakuangalia, au aliona akanyamaza kwa sababu cha bure hakiulizwi.

Wewe umeniandikia alifungua mbele yako, akafurahi, akashukuru, hakusema neno jingine lolote. Hayo ni maneno yako, nimeyasoma mara nyingi nikitafuta kama yana mlango. Basi huyo ndiye mkubwa wa wanunuzi? Huyo ndiye anayefundisha vijana kupokea mizigo ya serikali? Kesho ataletewa madawati yasiyo na miguu atasema ahsante, yamepigwa randa vizuri, wanawake wa Ukerewe wanajulikana. Na watoto aliowalipia watamwiga, wewe ukiwa wa mbele.

Pius naye hakuuliza alipopewa nyavu. Alicheka tu.

Kitenge nacho kinanikera. Maua ya njano ndiyo unayoyapenda wewe tangu mdogo. Mzee wa Magu anakujaje kupenda kitu kile kile? Sikukivaa, kimekunjwa.

Rudi nyumbani mwezi wa saba. Utafundisha shule hapa, au tutakausha samaki pamoja, macho mekundu si kilema. Mimi sitaandika jina langu chini ya watu wasiotazama.

Teodora

*

Dar es Salaam
22 Juni 1995

Bibi,

Shikamoo. Nakuandikia karatasi ikiwa juu ya goti, nisamehe mwandiko. Pole kwa homa ya baba mdogo. Barua hii anakuletea Getruda mwenyewe, nimemsubiri stesheni tangu asubuhi.

Nilikudanganya. Si yote, ila ya muhimu yote. Uliomba neno kwa neno, sasa nakupa.

Niliingia ofisini na kikapu. Ofisi yake ndogo, ina feni iliyokufa. Akaniuliza, "Kimetoka kwa nani?"

"Kwa bibi yangu, Nansio."

"Ndiye atakayesaini?"

"Ndiye."

"Amekwisha saini?"

"Bado."

Akamwita karani wake, mama mmoja mnene, aje asimame pale, mlango uwe wazi. Ndipo akafunua majani. Akawageuza mmoja mmoja, akabonyeza tumbo, akanusa. Bibi, ilikuwa kama kukuona wewe sokoni. Akamnyanyua yule mkubwa akamwangalia shingoni.

"Binti, huyu kichwa chake kiko wapi?"

Nikasema labda kimekatika kwenye treni.

"Kinachokatika kinaacha nyuzi. Hapa pamepita kisu, tena kabla ya moto. Umekila wewe?"

Nikaapa sikufungua hata jani moja.

"Basi umebeba mzigo kutoka stesheni mpaka mezani kwangu na hujui una nini. Hilo nalo tutakufundisha." Akamrudisha samaki mahali pake, akafunga majani vizuri kuliko alivyoyakuta. "Mimi mtoto wa Magu, najua kikapu maana yake nini. Na bibi akikata kichwa kuna neno anataka kusema. Mwambie nimeliona. Lakini sipokei."

"Mzee, atasema umemtukana."

"Nimetukanwa na watu wenye magari, itakuwa bibi wa Ukerewe? Kamati haijakaa. Leo nikila samaki wake, mwezi ujao jina lako likipita watasema ni samaki waliolipitisha. Na watakuwa hawajakosea."

Yule karani akasema, "Mzee, sita tu, nani atajua?"

Akamjibu, "Wewe umekwisha jua."

Nikiwa mlangoni nikajipa moyo nikamuuliza lile swali lako, waliochanga ni kina nani. Akaniita nirudi ndani. Akasema wapo humo wanachama wenye maduka yanayoiuzia serikali, wengine walichanga pakubwa, na yeye mkutanoni alishindwa kuwakataa wote. Alichoweza ni kulazimisha pesa yote iingie chuoni, isimpitie mtu mkononi, na majina yafuate alama za mtihani. "Haitoshi," akasema. "Atakuja mtu siku moja kukwambia sisi ndio tuliokusomesha. Mwambie bibi yako asiache kushuku."

Basi nikatoka na kikapu. Niliona haya, Bibi. Nikafikiri, nitamwandikiaje kwamba umetuma samaki asiye na kichwa na mtu mkubwa ameona, tena amekirudisha kikapu? Nilifikiri macho yako yamechoka, umekosea. Nikaona nikufichie. Nikakata posho yangu nikanunua kitenge na sukari, kikapu kisirudi kitupu. Samaki tulikula na Bushra na wasichana wa ghorofa yetu. Wamekusifu kwa kweli, hilo halina uongo.

Ukitaka nirudi, nitarudi. Sanduku langu liko tayari. Lakini usinizuie kwa ajili ya mtu ambaye alifanya ulichotaka. Nizuie kwa ajili yangu.

Odeta

*

Nansio
2 Julai 1995

Mjukuu wangu Odeta,

Marahaba. Homa ya Pius imeisha, ameanza kulalamika, ndiyo dalili. Goti limenyamaza tangu mvua ikatike. Gatini wametoa magugu kwa mapanga, meli inafunga vizuri. Getruda amesimama hapa mlangoni ananiharakisha, namwambia akae.

Barua yako nilimpa Pius anisomee mara ya pili kwa sauti, mbele ya Getruda, kama bahasha zenu. Alipofika pale mtu yule anaponusa samaki, Pius akaacha kusoma, akaweka karatasi mapajani. Halafu akasema, "Mama, mimi nyavu zile sikuzinusa." Nikamwambia endelea kusoma.

Sasa wewe. Ulifikiri bibi yako amekuwa kipofu, hajui sato ana kichwa upande gani. Ukanifunika aibu ambayo sikuwa nayo. Na katika kunifunika ukamvua mtu mwingine nguo. Mtu ameangalia, wewe ukaniandikia hakuangalia. Ameuliza, wewe ukaandika hakusema neno jingine. Ningekufa wiki iliyopita ningekwenda nikimhesabu huyo Masalu katika wezi, kwa barua yako ya shikamoo tena shikamoo. Siku ile salamu zako zilivyokuwa ndefu ndipo nilipoanza kunusa, lakini nilinusa mtu mwingine kumbe ni wewe.

Huko uendako utaandika karatasi kila siku. Utaandika vitanda vimefika ni vizima, na mgonjwa atalala hapo. Usimwonee mtu haya ukaandika uongo kwa mapenzi. Huo ni mbaya kuliko wa bahasha, maana hata anayedanganywa anakupenda.

Huyo Masalu bado simwamini. Mtu anayesema mwenyewe kwamba haitoshi, namsikiliza, lakini kumwamini ni jambo jingine. Siku atakapokuja huyo wa kusema sisi ndio tuliokusomesha, mwambie aje Nansio aniulize mimi nyavu za nani. Nitakuwepo. Nikiwa sipo, Pius yupo, sasa anajua la kujibu.

Karatasi anayo Getruda, ameifunga tumboni ndani ya khanga. Nimeandika jina langu lote, langu na la baba yangu, na kwa sababu mstari wenu ni mfupi limetoka nje kidogo mpaka likapita juu ya dole gumba lako jekundu. Wasiposoma waambie wavae miwani. Kitenge cha njano nimekivaa siku ya kuandika, kinabana mabega.

Kikapu situmi. Nimeelewa. Lakini mwambie huyo mzee kwamba alichouliza hakikupotea njiani, kichwa nilikila mimi jioni ile ile na ugali wa muhogo, na kilikuwa kitamu. Siku utakayomaliza, wakati wewe huna la kumwomba naye hana la kukupa, aje hapa. Nitamwekea sato mzima, na kichwa kitakuwa chake.

Wewe, mke mwenzangu, utakula mkia.

Bibi yako na mlezi wako,
Teodora